Kabla Hujanunua Betri Mpya, Angalia Waya wa Ethi: Somo Lililonigharimu Kilo 60 za Migebuka

Leo sitaongelea bei wala kupiga picha za bidhaa. Leo naongelea usafiri, maana unaweza ukawa na wateja 200 kwenye WhatsApp na oda zimejaa, lakini gari au guta likigoma njiani, hizo oda zote ni maneno tu.

Mimi nipo Mpanda, Makanyagio. Nauza samaki na dagaa wa Ziwa Tanganyika kwa njia ya mtandao. Mteja anaona kwenye status, anaagiza, analipa nusu au yote, mimi nashuka Karema kufuata mzigo, nikirudi nagawa: Kashaulili, Nsemulwa, Kawajense mpaka Sitalike. Wa Tabora na Sumbawanga nawapakilia kwenye basi. Kazi yote hiyo naifanya na kirikuu changu cha zamani. Nyuma nimefunga friza ndogo, inayotumia umeme wa betri ya gari kupitia inveta.

Mwaka jana msimu wa mvua kirikuu hicho karibu kinitoe kwenye biashara. Ugonjwa wenyewe kumbe ulikuwa waya mmoja na bolti moja. Nimeona niwaelezee vizuri, kwa sababu nimeshaona bodaboda, guta na magari ya wenzangu yenye ugonjwa huohuo na wao wananunua betri kila baada ya miezi michache.

ILIVYOANZA

Dalili ya kwanza ilikuwa asubuhi. Napiga stata, inazunguka kivivu, ng'o... ng'o... ng'o... kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Nikaenda kwa fundi wa karibu. Hakupima chochote. Akasema, "Dada, betri imekufa hiyo." Nikatoa laki moja na themanini, nikafunga betri mpya.

Siku nne gari likawa safi. Ya tano, ng'o... ng'o... Nikarudi. Safari hii akasema ni stata. Ikafunguliwa, ikabadilishwa brashi, nikalipa elfu arobaini na tano. Wiki moja tu, ugonjwa umerudi.

Hapo katikati nikaanza kuona vitu vingine vya ajabu ambavyo sikuvitilia maanani:

👉 Nikikanyaga breki usiku, taa za indiketa za nyuma nazo zinawaka kidogo kidogo.
👉 Friza ikianza kunguruma, taa za nyuma zinafifia.
👉 Inveta inapiga kelele ya "piii" kana kwamba betri imeisha, wakati betri ni mpya.
👉 Kebo ya eksileta imekuwa nzito, na siku moja nilipoigusa baada ya kupiga stata mara nyingi, ilikuwa ya moto.

Hiyo ya mwisho ishikeni, nitairudia.

Siku ya siku nikatoka Karema na kilo 60 za migebuka. Nyingi zilikuwa zimeshalipiwa, na kuna mama mmoja alikuwa na shughuli ya msiba, anawasubiri samaki jioni ileile. Njiani mvua, matope, gari linaruka mashimo. Inveta ikaanza piii, ikazima. Nikaiwasha, ikazima tena. Nikasimama ili niangalie, nikazima gari. Kosa! Kuwasha likakataa. Nimekaa pale zaidi ya saa tano, jua limetoka baada ya mvua, friza halina umeme. Tulivyokuja kuvutwa na lori mpaka mjini, samaki walishaanza kulegea. Sikumuuzia mtu hata mmoja.

Nilirudisha hela za wateja wote. Wa msibani nilimpigia simu kabla hajanipigia yeye. Ile simu ndiyo ngumu kuliko zote nilizowahi kupiga kwenye biashara hii.

FUNDI ALIYEPIMA KABLA YA KUFUNGUA

Lori lilituacha kwa fundi umeme mmoja mzee kule Majengo. Nikamwamkia, nikaanza kumweleza: nimebadili betri, nimetengeneza stata, sasa nadhani ni altaneta...

Akanikatisha kwa upole. "Mwanangu, umeme unaoenda umeshauhudumia sana. Huu unaorudi umeuangalia?"

Sikumwelewa. Akachukua mita yake, akapima sehemu tatu, hata dakika kumi na tano hazikuisha. Akanionyesha waya mmoja uliosukwa, mfupi kama kiganja, unaotoka kwenye injini kwenda kwenye chesisi. Umekatika nyuzi karibu zote, zimebaki chache kama nywele. Halafu akanipeleka nyuma, akafungua bolti moja ya bodi ambapo waya mweusi wa inveta na waya wa taa za nyuma vimefungwa pamoja. Chini ya bolti ni kutu tupu, na pembeni yake rangi ya gari haijakwanguliwa hata kidogo.

Bei ya matengenezo yote mawili: elfu ishirini na tano, pamoja na kazi. Piga hesabu mwenyewe nilichopoteza kabla ya hapo.

SASA TUELEWE: ETHI NI NINI?

Umeme ni kama mtaji. Lazima uende na urudi. Ukitoka betri kwenye upande wa chanya (+), unapita kwenye waya mwekundu, unafanya kazi kwenye taa, stata au inveta, halafu ni lazima urudi kwenye upande wa hasi (–) wa betri. Usiporudi, hakuna kazi inayofanyika, kama vile umempa mtu mzigo kwa mkopo na hela hairudi.

Kwenye nyumba, umeme unaenda kwa waya na kurudi kwa waya. Kwenye gari nyingi, guta na pikipiki, waliotengeneza walitumia ujanja: unaenda kwa waya, unarudi kwa kupitia chuma chenyewe. Bodi, chesisi na injini ndiyo waya wa kurudia. Hiyo njia ya kurudi ndiyo mafundi wetu wanaiita ethi, wengine wanaita "bodi". Betri inafungwa kwenye chesisi kwa waya mnene, na injini inafungwa kwenye chesisi kwa waya mwingine, kwa sababu injini imekaa juu ya raba na raba haipitishi umeme.

Sasa popote penye kutu, rangi, bolti iliyolegea au waya uliokatika nyuzi, njia inakuwa nyembamba. Umeme mdogo unapita bila shida. Umeme mwingi unakwama.

Hapa ndipo wengi tunapodanganyika, kwa hiyo nataka tupige hesabu kidogo. Tuseme ile bolti yenye kutu ina ukinzani wa 0.1 tu, yaani moja ya kumi ya omu. Ni kitu kidogo sana. Volti zinazopotea ni ampea zidisha kwa ukinzani:

• Balbu moja ya breki ya wati 21 inavuta kama ampea 2. 2 × 0.1 = volti 0.2 zimepotea. Hutaona tofauti. Utasema "mbona taa inawaka, ethi ipo!"
• Friza na inveta vinavuta kama ampea 15. 15 × 0.1 = volti 1.5. Kwenye betri ya volti 12.5 inabaki 11. Inveta inaanza kulalamika.
• Kompresa ya friza ikianza, inaruka kwa muda mfupi, tuseme mpaka ampea 30. 30 × 0.1 = volti 3. Inabaki 9.5. Inveta nyingi hujizima zikiona volti zimeshuka kwenye 10.5 hivi. Piii, imezima.

Betri haina kosa lolote! Umeme umeishia kwenye kutu.

Na stata? Yenyewe inavuta ampea 100 na kupita. Ndiyo maana gari ndiyo ya kwanza kuonyesha ugonjwa asubuhi.

Turudi kwenye kebo ya eksileta ya moto. Waya wa injini ulipokatika, umeme wa stata haukukubali kukaa. Ulitafuta njia nyingine ya kurudi kwenye chesisi, na njia iliyopatikana ilikuwa ile kebo ya chuma ya eksileta. Haikutengenezwa kubeba mzigo huo, ndiyo ikawa inaungua taratibu. Ukiona kebo ya eksileta au ya klachi inapata moto wakati wa kupiga stata, usihangaike na kitu kingine, nenda moja kwa moja kwenye ethi ya injini.

Na betri yangu mpya ilikuwa inaisha chaji kwa nini? Kwa sababu altaneta imefungwa kwenye injini. Chaji yake nayo inapita kwenye njia ileile mbovu. Kwa hiyo betri ilikuwa inapewa makombo kila siku halafu tunailaumu kwamba imekonda.

KWA NINI SISI WA SAMAKI TUNAUMWA ZAIDI

Fundi aliniuliza, "Barafu ikiyeyuka, maji yanakwenda wapi?" Nikaangalia. Yanamwagika palepale kwenye ile bolti. Maji ya samaki na chumvi ya dagaa wa kukausha ni chakula cha kutu. Ongeza mtikisiko wa barabara za kwetu unaolegeza nati, na vumbi la kiangazi linaloshika unyevu wa masika.

Aliniambia pia kuwa tatizo hili si la Katavi tu. Nchi za baridi kama Marekani na Canada, wana malori yanayofungwa sepeto kubwa mbele kwa ajili ya kusukuma theluji barabarani. Sepeto linainuliwa na mota ya umeme inayoendesha pampu ya haidroli, na mota hiyo inakula umeme kama stata. Barabarani humo wanamwaga chumvi ili theluji iyeyuke. Matokeo yake? Sepeto linainuka kwa shida, taa zake zinafifia, watu wanabadili mota, kumbe ni waya wa kurudi umeliwa na chumvi. Sisi tuna friza na samaki, wao wana sepeto na theluji. Ugonjwa mmoja: umefunga kifaa kikubwa kwenye gari, ukakisahau kukipa njia nzuri ya kurudishia umeme.

JINSI YA KUPIMA MWENYEWE

Mita ya kawaida inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme, na si ghali ukilinganisha na betri. Iweke kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Hakikisha gari lipo neutro na hendibreki imevutwa.

1. Pima betri yenyewe. Gari limezimwa: volti 12.4 mpaka 12.7 ni nzuri. Gari linawaka: kama 13.8 mpaka 14.4. Betri ikiwa chini ya hapo, ichaji kwanza ndiyo uendelee.

2. Pima ethi ya injini. Waya mweusi wa mita uweke kwenye nguzo ya hasi ya betri (ile risasi yenyewe, siyo kile kibano). Mwekundu uguse chuma kisafi cha injini. Mwambie mtu apige stata. Mita ikisoma 0.2 au chini, safi. Ikipita 0.5, njia ya kurudi ni mbovu. Yangu ilisoma zaidi ya volti 2!

3. Pima ethi ya bodi. Mweusi ubaki palepale. Mwekundu weka kwenye chuma kitupu cha bodi. Washa taa zote na upige honi. Ikizidi 0.2, kuna tatizo.

4. Pima kifaa ulichoongeza. Mwekundu weka kwenye mguu wa hasi wa inveta (au amplifaya) kikiwa kinafanya kazi. Ikisoma kubwa, rudi nyuma hatua kwa hatua: kwenye waya, kwenye bolti, kwenye bodi, kwenye chesisi. Pale namba inapoanguka ghafla, tatizo lipo kati ya sehemu hizo mbili.

⚠️ Muhimu sana: pima wakati kifaa KINAVUTA umeme. Fundi akiweka mita kwenye mlio wa "tiii" gari likiwa limezimwa akakwambia "ethi ipo", hajapima kitu. Waya uliobaki nyuzi mbili nao unalia tiii. Lakini nyuzi mbili haziwezi kubeba mzigo wa stata.

HUNA MITA?

Chukua waya wa kuboosti. Ncha moja bana kwenye hasi ya betri, nyingine bana kwenye chuma kisafi cha injini, mbali na mikanda na feni. Piga stata. Ikizunguka kwa nguvu kama ya gari jipya, umeshampata mchawi: waya wa ethi. Nilitamani kulia nilipoona jaribio hili. Ule waya wa kuboosti ulikuwa chini ya siti yangu muda wote niliokaa kule porini.

Angalia pia kwa macho: unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, waya uliovimba chini ya plastiki, bolti inayopata moto baada ya kazi.

KUTENGENEZA

Hii siyo kazi kubwa, ila ifanywe kwa utaratibu:

✅ Fungua waya wa hasi wa betri kwanza, na uwe wa mwisho kuufunga. Vua pete na bangili. Usivute sigara karibu na betri, inatoa gesi inayoshika moto.
✅ Kwangua rangi na kutu kwa msasa mpaka chuma king'ae, pande zote mbili: bodi na kichwa cha waya.
✅ Kichwa cha waya kibanwe vizuri na koleo lake. Kusokota kwa mkono na kuzungushia selotepu ni kuahirisha tatizo.
✅ Funga kwa washa yenye meno, kaza kwa spana.
✅ Ukishakaza, NDIYO upake grisi au rangi juu kuzuia maji. Ukipaka rangi kabla, umejiwekea ukuta mwenyewe.
✅ Kifaa kikubwa kama inveta kipe waya wake wa kurudi mpaka kwenye betri, unene uleule wa waya mwekundu. Kwa friza ndogo kama yangu fundi alitumia waya wa milimita za mraba 16, na fyuzi kwenye chanya karibu kabisa na betri.

Kosa langu lilikuwa hapo. Siku nafunga inveta nilinunua waya mwekundu mnene, nikaona mweusi ni kupoteza hela, fundi akaweka kawaya kembamba mpaka kwenye bolti ya karibu. Nilibana elfu kumi na mbili, ikanila laki kadhaa.

Halafu tahadhari: upande wa pili wa inveta unatoka umeme wa volti 230 kama wa nyumbani. Huo unaua. Usiuchezee mikono ikiwa na maji ya samaki, mwachie fundi.

WENYE BODABODA, GUTA NA SPIKA

Msidhani hii haiwahusu. Pikipiki au guta lenye honi inayolia kwa sauti ya mgonjwa, indiketa zisizotulia, taa inayofifia ukikanyaga breki: anza na ethi. Fuata waya wa hasi wa betri mpaka unapofungwa kwenye fremu, fungua, safisha, kaza. Mara nyingi ni dakika kumi.

Wanaofunga spika za matangazo: ukisikia mlio wa "viiii" unaopanda kadiri unavyoongeza mafuta, mara nyingi amplifaya imefungwa ethi mbovu. Ipe waya wake mpaka kwenye betri kabla hujanunua amplifaya nyingine.

Na taa za breki zinazochanganyikiwa ni jambo la usalama. Aliyeko nyuma yako usiku hajui kama unasimama au unakata kona.

NILIVYOBADILI UTARATIBU

Tangu siku ile nina mambo manne:

1. Kila Jumapili jioni nashika nyaya za ethi za kirikuu, natikisa bolti, nafuta maji ya samaki. Dakika tano.
2. Kabla ya mvua za Novemba kuanza, nafungua bolti zote za ethi, nasafisha upya.
3. Friza lina bomba la kutolea maji mpaka nje ya bodi.
4. Fundi akiniambia "badili", namuuliza: "Umepima wapi, mita imesoma ngapi?" Asipokuwa na jibu, na mimi sina hela.

Yule mama wa msiba alikaa miezi miwili bila kuniandikia. Nikadhani nimeshampoteza. Juzi kati akatuma ujumbe: "Dada, wiki hii unashuka Karema? Niwekee kilo kumi." Nilimwekea kumi na moja.

Biashara ya mtandaoni ni ahadi. Mteja hajakuona, hajashika mzigo, ametuma hela kwa kuamini utafika. Usiache ahadi hiyo ivunjwe na bolti ya kutu.

Tunza somo hili, mtumie na mwenzako mwenye guta au kirikuu. Na leo kabla hujalala, nenda kautikise huo waya mweusi.